Kuku, Nyuki na Faini

Kijiji kikianza kujiita mji, wa kwanza kuonewa haya ni kuku. Barabara bado ni ya vumbi na jaa la takataka halipo, lakini tayari wapo wanaosimama mkutanoni na kutaka kuku na nyuki waondolewe katika makazi ya watu, ati tufanane na watu wa mjini. Hoja hiyo naisikia hapa kwetu Tindiga, na itazidi kusikika kadiri nyumba zinavyosongamana kutoka Kilosa hadi Mikumi. Mimi naipinga, na sababu zangu ni hizi.

Kuku hamdhuru jirani kwa kuwa tu ni kuku. Kinachomdhuru jirani ni kuku aliyeachwa aparure mchicha wake, kinyesi kisichozolewa, na banda lililoegemezwa kwenye dirisha la chumba chake. Mambo hayo yote yanapimika, na kinachopimika huwekewa sheria: banda likae umbali fulani, lisafishwe, kuku wafungiwe, tena wachanjwe mdondo kila baada ya miezi mitatu. Chanjo yenyewe ni tone moja tu jichoni. Mbona kwa ng'ombe tuliweza? Kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992 hazikumfukuza ng'ombe mjini. Zilitaja idadi, wasizidi wanne kwa mfugaji, nao walishwe bandani. Iweje aliyempimia ng'ombe ashindwe kumpimia kuku?

Sheria inayosema "marufuku" bila kipimo humtia mchafu na msafi kapu moja. Tena haitekelezeki. Nimekuwa mkuu wa shule miaka mingi, na najua kwamba kanuni inayovunjwa na kila mwanafunzi si kanuni tena, ni mtego: mwalimu wa zamu humnasa amtakaye. Ndivyo itakavyokuwa kwa mgambo. Nyumba mia zitakuwa na kuku, lakini itakayotozwa faini ni ya mjane asiye na mtu wa kumsemea. Wahenga walisema kuku mwenye watoto halengwi jiwe. Sisi tunataka kumlenga kuku na mwenye kuku pia.

Na huyo mjane anapoteza nini? Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliiacha Kilosa na maelfu ya watu wasio na makazi. Anayelima bondeni anajua kwamba mahindi yakisombwa na maji, jogoo mmoja ndiye nauli ya hospitali, na trei ya mayai ndiyo daftari na kalamu. Kumnyang'anya kuku ni kumfungia benki yake.

Nyuki ni habari nyingine, na hapa naachana na wanaotetea vyote kwa pamoja. Wao hutaja New York, ambako marufuku ya kufuga nyuki iliondolewa mwaka 2010. Lakini nyuki wa kule asili yake ni Ulaya (nasema Ulaya ya ng'ambo, si Ulaya yetu ya Kilosa), naye ni mpole. Wa kwetu ni mkali. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazil, Warwick Kerr, alipeleka kwao malkia wa nyuki kutoka Afrika. Mwaka uliofuata makundi 26 yakatoroka, na wazao wao wakaenea hadi Marekani mwaka 1990, wakiua watu na mifugo njiani. Wazee wetu hawakutundika mizinga porini kwa kukosa nafasi nyumbani. Mzinga wa nyuki hao kando ya shule upigwe marufuku, nami nitaunga mkono. Lakini wapo pia nyuki wadogo wasiouma, ambao asali yao hutafutwa sana kwa dawa. Sheria ikiandika "nyuki" tu, itawafukuza na hao bure.

Sheria ndogo haishuki kutoka mbinguni. Kwa mujibu wa Sheria Na. 7 ya mwaka 1982, halmashauri ya kijiji huipendekeza, wanakijiji huijadili mkutanoni, ndipo halmashauri ya wilaya huidhinisha. Anayekaa nyumbani siku ya mkutano asije akalia siku ya faini.

Basi rasimu itakaposomwa, simama uulize maswali matatu. Ni madhara gani yanayozuiwa? Yanapimwaje? Na je, mwenyekiti naye atatozwa? Ikikosekana jibu hata kwa swali moja, nyosha mkono ukatae, kisha urudi nyumbani ukasafishe banda lako, ili jirani asipate la kusema.