Macho ya Wazee Yapimwe Hadi Ndani

Mfanyakazi anayekaribia kustaafu, au mwalimu anayeona maandishi ya ubaoni yanafifia, huenda hospitali kutafuta miwani. Husomeshwa herufi ukutani, hupewa miwani, naye hurudi nyumbani ameridhika. Mara nyingi nyuma ya jicho hapakutazamwa kabisa. Hilo ni kosa, tena kosa linaloweza kumgharimu mtu akili yake.

Utando wa ndani ya jicho, uitwao retina, huchipuka kutoka kwenye ubongo mtoto angali tumboni mwa mama yake. Kwa hiyo vijishipa vyake vya damu ni ndugu wa vijishipa vya ubongo, kwa umbo na kwa kazi. Tofauti ni kwamba vile vya ubongo vimefichwa na fuvu, ilhali hivi vyaweza kuonekana. Tangu mwaka 1851, Mjerumani Hermann von Helmholtz alipobuni chombo cha kuchungulia ndani ya jicho, daktari ameweza kutazama mishipa iliyo hai pasipo kumpasua mgonjwa. Chombo chenyewe huenea kiganjani.

Shinikizo la damu likidumu miaka mingi, ateri za retina husinyaa na kuta zake huwa nene. Pale ateri inapokatiza juu ya vena, vena hubanwa. Kisukari nacho huvimbisha vijishipa vikawa kama vitone, vikavuja damu. Aonaye hayo jichoni ana sababu ya kuushuku ubongo.

Huku si kubahatisha. Nchini Marekani, uchunguzi wa muda mrefu katika jamii 4 ulipiga picha macho ya watu zaidi ya 10,000 wa makamo na wazee. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2001 yalionyesha kwamba wenye dalili hizo walipatwa na kiharusi zaidi ya wenzao, hata baada ya shinikizo la damu na kisukari kuzingatiwa katika hesabu. Mwaka 2002 ikaonekana kwamba wenye retina iliyodhurika, ingawa hawajapata kiharusi, walishindwa na wenzao katika majaribio ya kumbukumbu na wepesi wa fikra.

Yafaa ieleweke kwamba jicho halitabiri kuwa mzee fulani atapotewa na fahamu. Kazi yake ni kuonya, na onyo hili lina la kufanya: shinikizo la damu hushushwa, kisukari hudhibitiwa, sigara huachwa. Tume ya wataalamu ya jarida la Lancet ilikadiria mwaka 2024 kwamba takriban asilimia 45 ya maradhi ya kusahau duniani yangeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kwa kushughulikia mambo 14, yakiwamo hayo matatu na upungufu wa kuona usiotibiwa.

Nani basi atasema kwamba hayo ni ya Wazungu? Katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walikuta kwamba takriban wazee 7 kati ya 10 wenye miaka 70 na zaidi wana shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakuwa na habari nalo. Mzee wa namna hiyo akianza kusahau, jamaa husema ni uzee tu. Pengine husema mabaya zaidi. Katika nchi ambamo vikongwe wamewahi kuuawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, kuyatazama macho ya wazee kwa elimu ni haki waliyocheleweshewa mno.

Haihitajiki mitambo ya fahari. Anayefika kupimwa miwani akiwa amevuka miaka 50 apimwe pia shinikizo la damu na sukari, palepale, siku ileile. Mganga wa macho achungulie retina na kuandika alichokiona katika cheti cha mgonjwa, ili mganga mwingine wa wilaya akisome. Na mtumishi anayeandaliwa kustaafu, ambaye leo huulizwa namba ya akaunti na tarehe ya kuajiriwa, aulizwe pia ni lini macho yake yalichunguzwa ndani.