Paa la ploti yetu linamwaga maji tunayonunua

Usiku wa mgao mimi hulala nikiwa nimeacha mfereji wa jikoni wazi. Si kwamba nimesahau. Ukiweka karai chini yake, maji yakirudi saa nane usiku utasikia kwanza upepo ukikohoa kwenye paipu, halafu tone, halafu mlio wa karai. Hapo unaruka kitandani na kujaza kila kitu: mitungi, ndoo, beseni, hata ile sufuria ya githeri. Kama unaishi kwenye fleti hapa Mountain View, au ng'ambo pale Kangemi, hii hadithi unaijua.

Kuna jambo moja tunalofanya usiku huo ambalo hatulisemi. Kabla ya kujaza, tunamwaga maji ya zamani. Ati "yamelala". Mimi pia nimefanya: mtungi mzima wa lita 20, ambao kijana wa mkokoteni aliniuzia shilingi 30, nikaupindua chooni na wala sikuwa na haja ya choo. Maji yaliyokaa siku tatu kwenye mtungi safi uliofunikwa bado yanafua nguo, yanapiga deki na kuvuta choo. Hilo ni kosa letu wenyewe, tuliache.

Lakini zaidi ya hapo, mahubiri ya "vijana, okoeni maji" yamenichosha. Anahubiriwa nani? Mwaka 2018, jiji la Cape Town lilipokaribia kukaukiwa, wakazi waliwekewa kikomo cha lita 50 kwa mtu kwa siku, na dunia nzima ikashtuka. Kwetu, wiki mbaya, watu wanne tunatumia mitungi minne kwa siku. Piga hesabu: lita 20 kila mmoja, kuoga, kupika na choo ndani yake. Na hakuna aliyeshtuka. Sasa unamwambia anayeoga kwa kopo nne apunguze ziwe tatu?

Mgao huu tulianza nao Januari 2017, mvua zilipofeli na bwawa la Ndakaini kule Murang'a, linaloleta zaidi ya asilimia 80 ya maji ya Nairobi, likashuka. Mwaka 2022 ukazinduliwa mtaro wa chini ya ardhi wa Northern Collector, karibu kilomita 12, wa kutuongezea lita milioni 140 kwa siku. Bado tunalala na karai. Jiji linahitaji zaidi ya lita milioni 800 kila siku na halizipati, na karibu nusu ya maji yanayosafishwa hupotea njiani: paipu zilizotoboka, wizi, mita mbovu. Hiyo ni vita ya serikali na kampuni ya maji, na Kifungu cha 43 cha Katiba kinatupa haki ya kuwadai. Tuwadai. Ila nikingoja paipu zote zizibwe nitazeeka na mtungi mkononi.

Ndiyo maana siku hizi naangalia juu, kwenye paa.

Aprili 2024 mafuriko yaliua watu Nairobi na kubomoa nyumba kando ya mito. Wiki hiyo hiyo, mvua ikigonga mabati juu yangu, mimi nilikuwa kwenye ngazi nikipandisha maji ya kununua hadi orofa ya tatu, nimelowa chapachapa. Hilo lilinikaa kichwani.

Chukua paa la mita 150 za mraba. Mvua ya milimita 20, ambayo msimu wa masika si kitu cha ajabu, inamwaga juu yake lita 3,000. Hata ukipoteza kidogo, hiyo ni zaidi ya mitungi 120 kwa jioni moja. Kwenye ploti yetu inashuka kwa gata iliyovunjika, inapita langoni na kuingia barabarani.

Sidanganyi mtu: nyumba 16 chini ya paa moja haziwezi kuishi kwa mvua peke yake, na maji ya paa yenye vumbi la Waiyaki Way na mavi ya ndege siyanywi. Ya mwanzo unayaacha yapite yaoshe mabati. Lakini choo hakiulizi maji yametoka wapi. Kila ukivuta, lita sita hadi tisa zimeenda, na ni maji yaliyosafishwa yakasafiri kutoka milimani. Hayo ndiyo ningeanza kuyabadilisha.

Wala si ugunduzi wa jana. Visiwani Lamu kuna jabia, sakafu kubwa ya kukinga mvua yenye tangi lake, kwa sababu visima vya kule vina chumvi. Bermuda sheria inataka nyumba ikinge maji ya paa lake. Sisi tunajengewa fleti za orofa sita, na gata zinawekwa tu ili ukuta usiharibike rangi.

Ukienda kutafuta nyumba unauliza nini? Wifi ipo? Kodi inajumuisha taka? Ongeza swali: maji ya paa yanaenda wapi? Wapangaji watano wakiliuliza, landilodi ataanza kulisikia. Wetu tulimwandikia kwenye grupu ya WhatsApp, tukajitolea kuchangia tangi. Alijibu kwa kidole gumba. Hiyo ni miezi minne iliyopita.

Basi nimenunua pipa la mtumba, la lita 210, nikaliweka nyuma chini ya ile gata iliyovunjika, na wavu wa mbu juu. Keateka anasema linaziba njia. Jirani wa chini, aliyecheka nikilibingirisha kuingia, juzi aliniomba ndoo mbili.