Hiyo Si ya Mtihani

Mwaka wa mwisho chuoni nilisoma mifumo ya kutafuta habari na picha. Tukafundishwa mbinu ya Martin Porter ya 1980: kata viambishi vya mwisho wa neno, ndipo mtu akitafuta neno moja apate na ndugu zake. Kwa Kiingereza inafanya kazi poa. Mimi nikaipa "nilisoma", "hatukusoma" na "wasomaji". Haikukata hata herufi moja. Yenyewe hukagua mkia tu, na Kiswahili hubeba mzigo kichwani.

Nikainua mkono. Mhadhiri akatabasamu. "Hiyo si ya mtihani."

Sina ugomvi na Porter. Alitengenezea Kiingereza kifaa, kikafaa. Ugomvi wangu ni na sisi tunaolipa karo hapa Kenya kufunzwa kwamba lugha ni moja, zingine ni mambo ya ziada.

Picha nazo? ImageNet ya 2009, iliyofunza mashine nyingi kutambua vitu, ilipangwa kwa majina ya WordNet, hazina ya maneno ya Kiingereza. Kwenye orodha yake maarufu ya aina 1,000, mbwa pekee wana zaidi ya aina 100. Matatu hakuna. Kiondo hakuna.

Utaniambia, "Lakini soko linataka Kiingereza." Sawa. Kwani mama aliye na mtoto mgonjwa saa nane usiku si soko? Anaandika kwa simu "mtoto anatapika". Ushauri upo, ila umeandikwa "watoto wanaotapika". Programu tuliyofunzwa kuunda haioni kwamba hiyo ni habari ileile. Itamwambia hakuna kitu.

Na mimi si mtakatifu. Mradi wangu wa mwisho niliufanya kwa Kiingereza, nikapata A. Nilijua kinachopewa alama.

Kwa hivyo wewe uliye darasani sasa, usingoje ruhusa. Zoezi lijalo lifanye kwa Kiswahili, Kikuyu au Dholuo. Mfumo ukianguka, andika ulianguka wapi, na uwasilishe hivyo hivyo. Wakupe C wakitaka.

Kila tarehe 7 Julai tunaposti ati Siku ya Kiswahili Duniani. Hongera kwetu. Tarehe 8, hebu tafuta kitu kwa lugha hiyo ukitumia programu uliyojenga chuoni. Halafu uniambie umepata nini.