Nyamitaba itajwe, maiti wake wasianikwe

Kila mara vita inapopita Nyamitaba, Kitshanga au Mweso, picha zinafika kwenye simu zetu kabla ya redio kutangaza. Nyumba inayowaka. Mama aliyeanguka njiani na mzigo wake. Mwili wa kijana, uso wazi, na chini yake ombi la kuwatumia wengine. Tunatuma. Baada ya saa moja picha ile iko Goma, Bukavu, Kampala na Bruxelles. Mara nyingine inawafikia ndugu wa marehemu kabla ya mtu yeyote kwenda kuwapa habari ya msiba.

Tumezoea, na mazoea hayo ndiyo yanayotutia wasiwasi. Kwa desturi zetu, maiti hufunikwa. Mtu akifa njiani, hata asiyejulikana, mama wa kwanza kupita hufungua kitenge chake na kumsitiri. Watoto wanaondolewa mahali pale. Leo kijana mwenye simu anafika kabla ya mama mwenye kitenge, na mtoto wa miaka kumi anaangalia kwenye kioo kile ambacho wazazi wake wangemkataza kuangalia barabarani.

Wapo watakaosema: bila picha, nani atatuamini? Dunia haijali Masisi. Bila damu kuonekana, hakuna atakayeuliza. Swali hilo ni la haki, na hatuwezi kulijibu kwa kuwaambia raia wanyamaze. Kunyamaza kumewasaidia wauaji zaidi ya mara moja katika historia ya Kivu. Basi swali letu ni hili: je, kuna njia ya kushuhudia bila kumvua nguo aliyekufa?

Mtu mmoja aliyefanyia kazi swali hilo kwa miaka mingi ni mchoraji Julie Mehretu. Alizaliwa Addis Ababa, Ethiopia, mwaka 1970. Mwaka 1977, wakati utawala wa kijeshi wa Derg ulikuwa unaua watu katika mitaa ya mji huo, familia yake ilikimbilia Marekani. Yeye alikuwa bado mtoto mdogo. Leo ni mmoja wa wachoraji wanaojulikana zaidi duniani, na anachora vitambaa vikubwa kuliko kuta za nyumba zetu. Michoro miwili aliyoimaliza mwaka 2017 kwa ajili ya jumba la makumbusho la San Francisco ina urefu wa karibu mita 8 na upana wa zaidi ya mita 9 kila mmoja. Hakuwa na chumba cha kuitosha, ikabidi aifanyie ndani ya kanisa lililokuwa halitumiki tena huko Harlem, New York.

Michoro yake haionyeshi mtu wala mti. Ni sanaa dhahania: rangi, mistari, madoa na mikwaruzo. Mgeni anaweza kusimama mbele yake akasema kwamba hata mtoto angeweza kuchora hivyo. Lakini chini ya rangi kuna jambo ambalo sisi wa Kivu tunalijua sana. Kwa miaka kadhaa sasa, Mehretu anaanza na picha ya habari: kijiji kinachochomwa, waandamanaji mbele ya polisi, mji uliobomolewa. Anaiingiza kwenye kompyuta, anaivuruga mpaka sura zote zinapotea na yanabaki mawingu ya rangi. Kisha mawingu hayo yanapulizwa kwenye kitambaa kwa mashine ya rangi, karibu kama wanavyofanya mafundi wa magari. Juu yake anachora kwa mkono, anafuta, anasugua, anachora tena, kwa miezi.

Mchoro wake wa mwaka 2018 unaoitwa Hineni ulianza na moto wa namna mbili. Mmoja ni moto wa misitu uliounguza California mwaka 2017. Mwingine ni moto uliowashwa na watu: vijiji vya Warohingya huko Myanmar, mwaka huo huo, wakati zaidi ya watu 700,000 walipokimbilia Bangladesh. Ukiuangalia mchoro huo huoni maiti hata mmoja. Unaona mwanga wa moto na alama nyeusi zinazokimbia juu yake. Jina lake ni neno la Kiebrania lenye maana ya "mimi hapa", jibu la Musa alipoitwa kutoka katika kijiti kilichowaka moto, katika Kutoka 3:4. Kwa hiyo mchoro haukuambii tu kwamba kuna moto. Unakuuliza wewe unayeutazama: uko wapi?

Mwaka 2016 alifanya michoro mingine na kuipa majina ya mahali: Ferguson, mji wa Marekani ambako polisi alimuua kijana mweusi mwaka 2014, na Aleppo na Damascus, miji ya Syria iliyokuwa vitani. Sura za watu amezifunika, lakini jina la mahali ameliacha wazi. Sisi tunasoma hivi: marehemu ana haki ya kusitiriwa, na mahali alipouawa pana haki ya kutajwa. Ni kitenge kile kile cha mama wa njiani.

Kuna watakaouliza kazi za mtu anayeishi New York, ambaye mchoro wake mmoja uliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 10 mwaka 2023, zinamhusu nini mkulima wa viazi wa Nyamitaba aliyelala chini ya hema. Ni kweli, mchoro haurudishi ng'ombe walioibwa wala haufungui njia ya kwenda shambani. Wala hatumwombi mkimbizi aende makumbusho. Tunachokichukua kwake ni adabu ya kutumia picha, na adabu haina bei.

Tena mtu asiseme kwamba kuchora bila sura ni mambo ya wazungu. Katika msitu wa Ituri, hapa hapa mashariki mwa Congo, wanaume Wambuti wanaponda magome ya miti mpaka yawe kitambaa laini, na wanawake wanachora juu yake kwa maji meusi ya matunda ya porini. Wanachora mistari, nukta, vimraba na nafasi tupu. Hawachori mtu, lakini anayejua msitu anausikia ndani yake. Vitambaa hivyo viko leo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Bibi zetu walijua zamani kwamba jambo linaweza kusemwa bila kuonyeshwa uchi.

Turudi Masisi. Tabia ya kuanika maiti ina madhara matatu.

La kwanza ni kwa familia. Uso wa mtoto wao unazunguka miaka na miaka, na hawana mlango wa kubisha kuomba uondolewe.

La pili ni chuki. Picha ya maiti inapofika bila tarehe na bila jina la kijiji, kila kabila linaweza kuidai kuwa ni ya kwake, na kila kundi lenye silaha linaweza kuitumia kuandikisha vijana. Zimekwisha kugunduliwa picha za nchi nyingine zilizosambazwa kama za Congo. Uso uliokufa hausemi umetoka wapi. Katika wilaya ambamo Wahunde, Wahutu, Watutsi, Wanyanga na Watembo wanapakana kwenye vilima vile vile, picha moja ya uongo inaweza kuwasha nyumba za kweli.

La tatu ni sisi wenyewe. Aliyeona maiti mia kwenye simu hasimami tena mbele ya maiti wa mia na moja. Anapitisha kidole. Tunadhani tunaiamsha dunia, kumbe tunajilaza wenyewe.

Na ushahidi je? Ushahidi ni muhimu, na hapa picha yenye sura ina kazi yake. Mnamo Oktoba 2024, mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai alitangaza kwamba uchunguzi wake juu ya Congo umefufuliwa, na kwamba utaangalia hasa makosa yaliyofanywa Kivu ya Kaskazini tangu Januari 2022. Anayepiga picha ya uhalifu aitunze kama ilivyo, bila kuikata wala kuipamba, aandike siku, saa na mahali, kisha aifikishe kwa wachunguzi, kwa ofisi za haki za binadamu au kwa wanasheria anaowaamini. Mikononi mwa mchunguzi picha hiyo inaweza kumfikisha muuaji mahakamani. Ndani ya kikundi cha WhatsApp chenye watu mia mbili, inageuka kuwa tamasha.

Kwa hiyo tunaomba mambo machache. Waandishi wa habari wenzetu, tuache kutumia uso wa marehemu kuvutia wasomaji. Tuandike jina la kijiji, siku, na kilichotokea, kwa usahihi. Wanaosimamia vikundi vya simu, futeni maiti na mwulize aliyetuma: hii ni wapi, ni lini, nani ameipiga? Mapadri, wachungaji, maimamu na wami, lisemeni jambo hili mbele ya waamini na raia wenu, maana heshima ya maiti ni somo lenu tangu zamani. Na nyinyi wachoraji vijana wa Goma, msidhani kazi yenu ni kuchora volkano na sokwe kwa ajili ya watalii peke yake. Vita hii inahitaji watu wa kuikumbuka kwa namna ambayo mjane anaweza kusimama mbele yake bila kugeuza uso.

Nyamitaba si picha ya maiti. Ni mahali penye vilima, malisho, watoto wa shule na watu wenye majina, katika usultani wa Bashali. Tulitaje jina hilo kila siku, kwa sauti, mpaka walio mbali walijue. Lakini picha nyingine itakapofika kwenye simu yako usiku huu, kabla ya kuituma, jiulize kama ungeituma hivyo angekuwa ndugu yako. Kama jibu ni hapana, basi mfunike.