Formula E ilifika Cape Town, dereva wa nyumbani akabaki gereji. Sisi tutafikaje?

Juzi hapa Mlingotini tulikuwa kijiweni na watu wa bodaboda, mmoja ana video ya Formula E kwenye simu. Magari yanapita bila muungurumo, yanalia kama filimbi tu. Jamaa mmoja akauliza: hivi hawa madereva wanapatikanaje, mbona hakuna hata Mbongo mmoja? Wengine wakadakia haraka haraka, eti sisi hatuna umeme wa kuchajia.

Mimi nasema hapana. Umeme siyo sababu. Bwawa la Nyerere kule Rufiji lina megawati 2,115, na gari la mbio halichajiwi na dereva nyumbani kwake. Tatizo liko nyuma zaidi, na ukitaka kuliona vizuri mfuate Mwafrika mmoja aliyefika kule.

Anaitwa Kelvin van der Linde, wa Afrika Kusini, kazaliwa 1996. Baba yake Shaun alikuwa dereva wa mbio, babu yake Hennie naye hivyo hivyo. Mdogo wake Sheldon ndiye bingwa wa DTM ya Ujerumani ya mwaka 2022. Kwa hiyo tusidanganyane, huyu hakutokea barabarani akaokotwa. Kaanza na vigari vidogo vya gokati akiwa mtoto.

Lakini angalieni hatua iliyofuata, maana hapo ndipo penye mchongo wenyewe. Mwaka 2012, akiwa kijana wa miaka 16 tu, akachukua ubingwa wa Polo Cup kwao Afrika Kusini. Yale ni mashindano ya Volkswagen Polo, gari la kawaida kabisa la mtaani lililofungwa vyuma vya usalama, na WOTE wanaendesha gari la aina moja. Huna pa kujificha. Ukishindwa huwezi kusema mwenzangu ana injini kubwa, na ukishinda hakuna anayesema umebebwa na gari. Mzungu aliyeko Ujerumani akiona jina lako juu ya orodha ile anajua moja kwa moja kwamba huyu dogo anaweza.

Na wakamuona. 2014 akawa bingwa wa ADAC GT Masters Ujerumani, akarudia 2019. Mbio za saa 24 za Nürburgring kashinda 2017 na 2022. Timu ya ABT ikamchukua kwenye DTM. Timu hiyo hiyo ABT ikarudi Formula E mwaka 2023, na kwenye mbio za kwanza kabisa kule Mexico dereva wao Robin Frijns akapata ajali akaumia mkono. Wanamtafuta nani? Yule wanayemjua. Van der Linde akaingia kwenye gari la umeme, Saudia kwanza, halafu Hyderabad kule India.

Mnaona? Hakufuata ile njia ya Formula 3, Formula 2 ambayo inakula mamilioni ya dola. Kaingilia mlango wa pembeni. Mwenye mashindano anadai leseni maalumu ya magari ya umeme, inayohitaji pointi au uzoefu wa mbio kubwa, na yeye uzoefu alikuwa nao tayari.

Sasa sikieni kilichomkuta. Tarehe 25 Februari 2023 Formula E ikaja Cape Town, pale Green Point karibu na bahari. Mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufika huku kusini mwa Sahara. Dereva wa nyumbani, watu wa nyumbani. Siku yenyewe ya mbio timu ya Mahindra ikagundua wasiwasi kwenye saspensheni ya nyuma, ikajitoa. ABT walikuwa wananunua vitu hivyo kwa Mahindra, nao wakajitoa. Jamaa akavua helmeti, akabaki mtazamaji nchini kwake. Mbio akashinda Mreno António Félix da Costa wa Porsche. Na kalenda ya 2024 ilipotoka, Cape Town haikuwemo. Niliposimulia hili kijiweni kuna mtu aliguna mpaka chai ikamwagika.

Haya, turudi kwetu. Afrika Mashariki sisi ni watu wa rali. Safari Rally ilianza 1953, ikakatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. Kenya wakaipoteza kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi 2021 pale Naivasha. Na hapo wenzetu wakafanya jambo la akili: vijana watatu, McRae Kimathi, Hamza Anwar na Jeremiah Wahome, wakapewa Ford Fiesta za aina moja waendeshe. Februari 2022 Kimathi akaenda mpaka Sweden kwenye theluji, mashindano ya dunia ya vijana. Ndiyo, baba yake Phineas Kimathi ni mtu mzito kwenye rali ya Kenya, na jina McRae kapewa kwa ajili ya Colin McRae. Ni yale yale ya akina van der Linde, ukoo kwanza. Lakini walau walipewa magari sawa.

Kwetu Bongo rali ipo, Rally of Tanzania imeshakuwemo kwenye kalenda ya ubingwa wa Afrika. Shida ni kwamba rali ni mchezo wa kuja na chako. Gari lako, fundi wako, matairi yako. Mwenye mkwanja anakuja na gari jipya, mwenye kipaji anakuja kushika kamera pembeni ya barabara. Hapo nani atajua nani ni dereva?

Na kinachoniuma ni kwamba ujuzi wenyewe wa Formula E upo hapa hapa. Kule hushindi kwa kukanyaga tu. Gari la kizazi cha tatu, lililoanza 2023, linarudisha zaidi ya asilimia 40 ya umeme wa mbio kupitia breki. Anayeshinda ni anayejua kuachia mapema kabla ya kona, gari liteleze lenyewe, chaji ibaki kwa mizunguko ya mwisho. Sasa muulize bodaboda wa hapa aliyebakiwa na mafuta ya buku anavyofika Bagamoyo mjini na abiria. Anaachia gesi kabla ya tuta, anateleza mteremkoni, hafungi breki ovyo. Hakuna aliyemfundisha, njaa ndiyo imemfundisha.

Kwa hiyo mimi sidai tuletewe Formula E Dar es Salaam. Hapana, hiyo itakuja siku moja itaondoka kama Cape Town. Nadai hiyo hatua ya Polo Cup ambayo hatuna. Pikipiki kumi za umeme za aina moja, betri zimejazwa sawa, uwanja wa vumbi, helmeti kwa kila mtu (tafadhali siyo zile za plastiki), dakika ishirini, wa kwanza kumaliza kashinda na ambaye chaji imekata njiani anasukuma. Kampuni za pikipiki hizo zinatafuta matangazo kila siku. Wadau wa Zinga, Kerege na Bagamoyo mjini, nani ana uwanja?