Jua liko bure, lakini mabinti wetu wanalikosa

Baba anayetumika chini ya udongo, Kipushi ao Kamoto, anajua bei ya jua. Kuna siku anashuka kukiwa giza, na anapopanda mwangaza umekwisha kupotea. Lakini binti yake wa miaka 14, ambaye hashuki mu shimo lolote, yeye analiona jua? Sisi tunasema: katika nyumba nyingi, hapana.

Binti anayechota maji na kufua nguo mu lupango, jua linamfikia. Lakini mshahara ukiingia, maisha yanaingia ndani. Roboni iko ndani, televizio iko ndani, telefoni iko mu mkono. Ku masomo anapelekwa na taksi. Akitoka kidogo, mama anaita: «We mutoto, toka ku jua, utakuwa mweusi!» Halafu anapewa sukre na mandazi, anaikaa.

Mwili unatengeneza vitamini D wakati jua linagusa ngozi yenyewe. Jua linalopita ku kioo cha dirisha halitoshi, sababu kioo kinazuia ile miali inayofanya kazi hiyo. Na ngozi nyeusi inaomba wakati mrefu zaidi kuliko nyeupe. Bila vitamini D, tumbo linashindwa kuchukua vizuri kalisiumu ya chakula, na mifupa inabaki laini.

Kwa msichana, hilo si jambo dogo. Karibu sehemu 9 kwa 10 za nguvu ya mifupa yake zinajengwa mbele ya miaka 18. Na mifupa ya kiuno ikikomaa vibaya, kesho ni yeye atakayeteseka ku maternite.

Musiseme: «Huku Katanga jua ni mingi, ugonjwa huo ni wa Wazungu.» Irani na Arabia Saudia kuna jua kali sana, lakini waganga walipopima damu ya wasichana wa masomo, walikuta wengi wamepungukiwa vitamini D. Jua la juu ya paa halimsaidii aliye chini ya paa.

Waganga waliona tena kitu kingine: upungufu huo unatembea mara nyingi pamoja na unene na sukari isiyotulia mu damu. Hapa ndipo wauzaji wanapata njia. Wanasema kidonge cha vitamini D kinafukuza ugonjwa wa sukari. Tuwe waangalifu. Katika Marekani, watu wazima 2.423 waliokuwa karibu kushikwa na ugonjwa huo walifuatwa; wamoja walipewa vitamini D kila siku, wengine kidonge kitupu. Matokeo yalitoka mu 2019: hakukuwa tofauti ya kutegemea. Vitamini D ni dawa ya aliyepungukiwa. Haiwezi kufuta sukre za kila siku na kuikaa mchana mzima. Na ikizidi, inapandisha kalisiumu mu damu na kuumiza figo.

Kwa hiyo, wazazi wenzetu, mbele ya kupeleka franka ku farmasi, tufanye yale yaliyo mu mikono yetu. Mtoto atembee kwa miguu kama njia iko salama. Acheze, aruke kamba, mikono na miguu ikiwa wazi, bila kungoja ngozi iungue. Shirika la Afya Duniani linaomba mtoto atikise mwili dakika 60 kila siku, na msichana ni mtoto vilevile. Ku sahani, pembeni ya bukari, tuweke sombe na ndagala zinazoliwa na mifupa yake: humo kuna kalisiumu. Tukiweza, yai na samaki ya mafuta. Maji yachukue nafasi ya sukre. Ila mtoto albino, yeye tumlinde na jua. Vitamini yake aitafute ku chakula na kwa muganga.

Msichana akilalamika mifupa inamuuma, miguu haina nguvu, ao anakunywa maji na kukojoa kupita kawaida, tusimwite mvivu. Tumpeleke ku dispanseri, apimwe.

Na kompanyi? Kodi ya madini ya 2018 inaziomba kutoa angalau 0,3 % ya mauzo yao kwa maendeleo ya vijiji na miji inayozizunguka. Wakati wa kuandika mipango hiyo, wababa wanaomba barabara na forage, na wana haki. Lakini ni nani anayeomba kiwanja cha mchezo chenye ukuta, pahali wasichana wanaweza kukimbia bila kusumbuliwa? Ni nani anayeomba dispanseri ya kompanyi ipokee binti wa miaka 15 mbele hajashikwa na ugonjwa?

Tuombe sisi. Inchi hii imetoa shaba na kobalti kwa dunia yote. Haifai mabinti wake wakose kitu ambacho hata kompanyi haiwezi kukichimba wala kukiuza.