Nani amemsomea mama wa sokoni?

Tarehe 8 Aprili 2022 nchi yetu ilitia sahihi mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mkataba huo unamgusa mama anayevusha nyanya kati ya Bukavu na Rusizi, lakini ni nani aliyemsomea? Mkataba wa namna hiyo huidhinishwa kwa sheria, na kifungu cha 142 cha Katiba kinaitaka Serikali ieneze kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa ndani ya siku 60.

Wako wanaosema siasa ya nje ni kazi ya wanadiplomasia. Sikubali. Ushuru wa mpakani haulipwi na mabalozi.

Sisi wanafunzi wa lugha za Kiafrika tuanze: kila darasa litafsiri kifungu kimoja kwa mwezi, kisha tukisome redioni, kwa Kiswahili anachokisema mama huyo.